Kadi ikisema GB 512, nani ameipima?

Mteja akisimama mbele ya kioo cha duka la simu, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, mazungumzo huwa mafupi. "Bosi, memori zipo?" "Zipo, kaka. Unataka ya GB ngapi?" Namba inatajwa, pakiti inachomolewa kwenye msumari, chenji inarudi, biashara imekwisha. Kilichouzwa ni kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11. Usoni kina namba moja kubwa, na pembeni mwa namba hiyo kuna alama ndogo ndogo ambazo wanunuzi wengi hawajawahi kuzitilia maanani: C yenye namba ndani yake, U yenye namba ndani yake, V, A, na tarakimu moja ya Kirumi.

Zile alama ndogo ndizo zinazoeleza kadi inaweza kazi gani. Namba kubwa, ambayo ndiyo pekee iliyoulizwa, ndiyo rahisi kuliko zote kughushi.

Wengi huichukulia memori kadi kama chumba kitupu, kwamba ukubwa wake ndio huo na hauna mjadala. Lakini ndani ya plastiki ile mna vitu viwili. Kimoja ni chipu ya flashi, ambamo picha na nyimbo hukaa. Cha pili ni kidhibiti, ambacho kwa hakika ni kompyuta ndogo yenye programu yake. Simu haigusi chipu ya flashi hata siku moja. Huongea na kidhibiti tu. Kadi inapochomekwa, simu huuliza maswali machache ya utambulisho: imetengenezwa na nani, inakwenda kwa kasi gani, ina nafasi kiasi gani. Kidhibiti huchukua majibu kwenye rejesta zilizojazwa kiwandani na kuyatuma. Simu haihesabu chochote. Ikiambiwa GB 512, itamwonyesha mwenye simu GB 512, hata kama ndani mna GB 8.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kihitaji kompyuta? Kwa sababu flashi kwa asili yake si ya kuaminika. Ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, akiwa mwajiriwa wa Toshiba. Aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kadi za leo, ilitangazwa mwaka 1987. (Baadaye Masuoka aliipeleka Toshiba mahakamani akidai malipo yanayolingana na uvumbuzi wake, na mwaka 2006 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya yeni milioni 87. Ukizingatia biashara iliyozaliwa na kazi ile, hizo ni pesa za kumwonea mtu huruma.) Data hutunzwa kwa kunasa elektroni ndani ya seli ndogo mno. Seli za mwanzo zilibeba biti moja kila moja. Ili bei ishuke, viwanda vikabana biti mbili kwenye seli, kisha tatu, na sasa nne. Kadiri biti zinavyobanwa ndivyo seli inavyochoka upesi: ya biti moja huvumilia kuandikwa upya mara laki moja hivi, ya biti tatu karibu mara elfu moja, ya biti nne mara mia kadhaa tu. Kidhibiti ndicho kinachosahihisha makosa, kuruka seli zilizokufa na kugawa kazi ili seli zile zile zisibebeshwe mzigo kila siku. Mwenye simu haoni lolote kati ya hayo.

Na kwa kuwa haoni, anaweza kudanganywa. Programu ya kidhibiti hubadilishika. Desemba 2013, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Ujerumani, wahandisi Andrew Huang, ajulikanaye zaidi kwa jina la bunnie, na Sean Cross walionyesha jinsi walivyoingia ndani ya vidhibiti vya baadhi ya kadi za SD na kuviendeshea programu yao wenyewe. Huang alikuwa na kisa na kadi hizi. Miaka michache kabla, kwenye kiwanda kilichokuwa kikimtengenezea vifaa nchini Uchina, kadi nyingi za fungu moja ziligoma. Akaingia kwenye soko la vifaa vya elektroniki la Huaqiangbei, Shenzhen, akanunua sampuli kutoka kwa wauzaji mbalimbali, akayeyusha plastiki kwa asidi na kukagua chipu zilizokuwa ndani, moja baada ya nyingine.

Utapeli wenyewe hauhitaji akili nyingi. Chukua chipu ya GB 8, pengine iliyokataliwa kiwandani kwa kushindwa majaribio ya ubora. Iwekee kidhibiti kinachotangaza GB 256. Chapisha nembo ya kampuni kubwa usoni, tengeneza pakiti inayofanana na ya kampuni hiyo. Kadi itawaka kwenye simu, itaonyesha nafasi iliyotangazwa, itapokea nyimbo na kuzipiga vizuri. Ndiyo maana lile jaribio la dukani, muuzaji anapochomeka kadi kwenye simu yake na kusema "si unaona mwenyewe, inasoma", halithibitishi kitu chochote zaidi ya kwamba kadi inasema.

Balaa huanza siku GB 8 zinapojaa. Kadi nyingine hupokea data mpya na kuitupa. Majina ya faili yanabaki kwenye orodha, ukubwa wake unaonekana, lakini ndani hamna kitu. Nyingine huzunguka na kuanza kuandika upya mwanzoni, juu ya picha za zamani. Mpiga picha wa harusi aliyenunua kadi ya namna hii atarekodi ndoa msikitini au kanisani, ataingia ukumbini, atarekodi keki, shampeni na zawadi, na kamera haitalalamika hata mara moja. Kesho yake akifungua kwenye kompyuta atakuta picha zilizokatika katikati, nusu sura ya bibi harusi na nusu rangi ya kijivu.

Njia ya uhakika ya kuinasa kadi ya uongo ni kuijaza yote, kisha kusoma kila kilichoandikwa na kukilinganisha. Zipo programu za bure za kazi hiyo. Kwenye Windows, inayojulikana zaidi ni H2testw, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la kompyuta la Ujerumani, c't. Kwa wanaotumia Linux au Mac ipo F3, kazi ya Michel Machado. Zote mbili hujaza kadi kwa data ya mpangilio maalumu, halafu huirudia na kutoa hesabu: kiasi hiki kimerudi salama, kiasi hiki kimepotea. Jibu halina utata.

Jaribio hilo linataka subira. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na dakika 47 kujazwa, bado kusomwa. Hakuna muuzaji atakayemwachia mteja kaunta kwa muda huo, kwa hiyo cha maana ni kukubaliana kabla ya kulipa: nikiijaribu nyumbani nikakuta si yenyewe, nairudisha. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hukubali na kuandika risiti. Anayeanza kuzungukazunguka kwa maneno kuhusu "memori ikishatoka hairudi" amekwisha kujibu swali.

Bei nayo husema. Flashi ni malighafi yenye soko la dunia, na kampuni zinazoitengeneza kwa wingi zinahesabika kwa vidole: Samsung, SK Hynix, Kioxia ambayo ilitokana na Toshiba, Micron, SanDisk. Majina mengine mengi kwenye pakiti ni ya wanaonunua chipu kwa hawa na kuzifunga. Kwa hiyo hakuna mfanyabiashara, hata awe na roho nzuri namna gani, anayeweza kuuza terabaiti moja kwa bei ya GB 32. Kadi ya kwanza ya microSD ya terabaiti moja ilitangazwa Februari 2019. Ile ya terabaiti 16 inayoning'inia mitandaoni kwa bei ya nauli ya bodaboda hakuna kiwanda kinachoitengeneza.

Kuna upungufu mmoja, hata hivyo, ambao si wizi, na umewagombanisha wateja na wauzaji wasio na hatia. Kadi halali ya GB 64 ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows huonyesha 59.6 au chini kidogo. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa vizidishio vya mbili, na kwake gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Kadi ni ile ile, rula ni mbili. GB 32 huonekana kama 29.8, na GB 128 kama 119.2.

Baada ya ukweli wa namba kubwa, linakuja suala la kadi kukubaliana na kifaa. Hapa historia imewarahisishia watu wa leo. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila kampuni ilitaka kadi yake: SanDisk ilileta CompactFlash mwaka 1994, Sony ikaja na Memory Stick mwaka 1998, Olympus na Fujifilm wakaungana mwaka 2002 kuleta xD. Mwaka 1999 SanDisk, Panasonic na Toshiba walitangaza kadi ya SD, na hiyo ndiyo iliyobaki na uwanja. Ile ndogo ya simu ilizaliwa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, mwaka uliofuata ikapewa jina la microSD. Adapta inayoifanya microSD iingie kwenye kamera haina akili yoyote ndani, ni nyaya tu. Swichi ndogo ya pembeni ya kuzuia kufuta nayo haifungi chochote. Huonwa na kifaa, na ni juu ya kifaa kuiheshimu.

Kilichobaki cha kuangalia ni herufi zinazofuata SD. Isiyo na nyongeza huishia GB 2. SDHC, ya mwaka 2006, huishia GB 32. SDXC, ya mwaka 2009, huanzia juu ya GB 32 hadi terabaiti 2. SDUC ya mwaka 2018 inaruhusu hadi terabaiti 128, lakini hiyo bado haijafika kwenye maduka yetu. Kifaa kipya husoma kadi ya zamani. Cha zamani hakisomi mpya kila mara.

Mpaka ule wa GB 32 ndio unaowasumbua watu wa sabufa. Sabufa, redio ndogo za kuchaji na simu za kiswaswadu nyingi huelewa mpangilio wa faili uitwao FAT32, ambao ndio wa SDHC. Kadi ya GB 64 hutoka kiwandani ikiwa na mpangilio mwingine, exFAT, na redio ya kinyozi ikipewa kadi hiyo hukaa kimya. Mwenye redio huiona kadi mbovu, muuzaji huiona redio mbovu. Mara nyingine kuifomati kadi hiyo kwa FAT32 kwenye kompyuta huimaliza shida. Mara nyingine redio hukataa kabisa. Lakini swali la kwanza lilipaswa kuwa: kinyozi anahitaji GB 64 za nini? Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa MP3 huchukua kama MB 4. Kadi ya GB 32 humeza nyimbo 8,000 za namna hiyo, ambazo zikipigwa mfululizo usiku na mchana zitamaliza zaidi ya siku 22 kabla wa kwanza haujarudi.

FAT32 ina ukomo mwingine ambao wapiga video wanaujua kwa uchungu: faili moja haiwezi kuzidi GB 4. Kamera nyingi hulikwepa hilo kwa kukata video vipande vipande zenyewe. Filamu ndefu ya ubora wa juu iliyopakuliwa kwenye kompyuta, ikinakiliwa kwenye kadi ya GB 32, hugoma na ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, huku kadi ikiwa na nafasi tele.

Sasa zile alama ndogo. Zote hujibu swali la kasi, na zimewekwa na Chama cha SD kwa awamu, kila awamu ikiacha ya zamani mahali pake. Mfumo huu umetungwa na kamati, na unaonekana hivyo. C yenye 10 ndani yake ina maana kwamba kadi ikiandika mfululizo haitashuka chini ya MB 10 kwa sekunde. U yenye 1 ina maana hiyo hiyo. U yenye 3 ni MB 30. V30 pia ni MB 30, na V60 na V90 ni kama zinavyosomeka. Ile tarakimu ya Kirumi hueleza upana wa njia kati ya kadi na kifaa: I hufika MB 104 kwa sekunde, II hufika MB 312 na hutambulika kwa safu ya pili ya migusano nyuma ya kadi.

Namba iliyochapishwa kwa wino mzito, tuseme MB 170 kwa sekunde, si mojawapo ya hizo. Hiyo ni kasi ya kusoma, iliyopimwa katika mazingira yaliyochaguliwa na mtengenezaji, na kwa kadi ya njia ya I haifikiwi bila kisomeo maalumu cha kampuni hiyo hiyo. Anayerekodi video anahitaji kasi ya kuandika, tena ile ya chini kabisa ambayo kadi haitaivuka kushuka. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, gawanya kwa 8: ni MB 12.5 kwa sekunde. C10 haitoshi, kwa kuwa inaahidi 10 tu. V30 inatosha na chenji inabaki. Kwa kasi hiyo saa moja ya kurekodi hula GB 45, kwa hiyo kadi ya GB 64 huisha baada ya saa moja na dakika 25. Anayeuziwa V90 kwa kazi hii amelipishwa gari la mashindano ili aende nalo sokoni.

Anayeihitaji kweli kasi hiyo ni yule aliyekaa nyuma ya goli Uwanja wa Benjamin Mkapa. Picha ghafi moja ya megapikseli 24 inakaribia MB 25. Kamera ikipiga kumi kwa sekunde, MB 250 zinatafuta pa kwenda kila sekunde. Kamera huzishikilia kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikijaa inasimama kupiga mpaka kadi imalize kupokea. Bao linaweza kufungwa ndani ya sekunde hizo.

Kwa simu, alama yenye maana ni A. Ilianza mwaka 2016, pale kadi zilipoanza kuhifadhi programu na si picha tu. Programu haisomi faili moja kubwa kwa mfululizo. Hudokoa vipande vidogo huku na huko, na kadi yenye kasi kubwa ya video inaweza kujikokota hapo. A1 huahidi kusoma vipande 1,500 na kuandika 500 kwa sekunde. A2 huahidi 4,000 na 2,000, lakini ahadi hiyo inategemea simu nayo iwe na uwezo wa kuzungumza lugha ya A2, na nyingi hazina. A1 ya kampuni inayojulikana, kwa simu ya kawaida, ni pesa iliyotumika vizuri.

Tatizo la simu nyingi liko kwenye trei. Simu za bei ya kati huwa na trei ya matundu mawili, la pili likiwa la kuchagua: ama laini ya pili, ama memori kadi. Kwa mtu anayepokea pesa za biashara kwenye M-Pesa na za familia kwenye Airtel Money, kuchagua memori ni kuacha laini moja mezani. Wengine hubaki na simu mbili kwa sababu hiyo tu. Aina nyingi za Tecno, Infinix na itel bado zina tundu la tatu la kadi peke yake, na ni jambo la kuuliza kabla ya kununua simu. Kwa upande wa bei za juu, simu nyingi zimefunga mlango: iPhone haijawahi kuwa na nafasi ya kadi, na Samsung iliiondoa kwenye Galaxy S21 mwaka 2021. Anayenunua simu hizo anunue nafasi yote atakayoihitaji siku hiyo hiyo.

Mzigo mzito kuliko wote haubebwi na simu wala na kamera ya harusi. Unabebwa na kadi iliyo ndani ya kamera ya ulinzi ya dukani, au kamera ya dashibodi ya basi. Hizi huandika bila kupumzika, na kadi ikijaa hufuta za mwanzo na kuendelea. Tuchukue kamera ya dashibodi inayorekodi kwa megabiti 15 kwa sekunde. Kwa saa ni GB 6.75. Safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, tuseme saa 15, inazalisha kama GB 101. Kadi ya GB 64 imeandikwa yote mara moja na zaidi ya nusu, kwa kwenda tu. Kwa basi linalosafiri kila siku, hiyo ni zaidi ya mara 500 kwa mwaka, na seli za biti nne tayari ziko kwenye ukomo wake. Kadi hufa kimyakimya: kamera inawaka, taa nyekundu inapepesa, hakuna kinachoingia. Hujulikana siku ya ajali, pale trafiki anapoomba video.

Kwa kazi hiyo zipo kadi zinazouzwa kama za ustahimilivu, na pakiti zake hutaja saa za kurekodi badala ya kujisifia kasi. Kadi kubwa nayo husaidia, maana GB 128 huandikwa upya mara nusu ya GB 64 kwa mzigo ule ule. Asiyezitaka asome dhamana ya kadi ya kawaida kwa makini: nyingi huondoa matumizi ya kurekodi mfululizo, tena kwa herufi ndogo kabisa.

Adui mwingine hatoki kiwandani. Anatoka kwenye kibanda cha kurusha nyimbo, pale ambapo kompyuta moja hupokea kadi na flashi za mtaa mzima kutwa nzima. Mteja anarudi nyumbani na singeli mpya, anafungua kadi kwenye kompyuta yake na kukuta kila folda imegeuka shotikati, na nafasi iliyotumika ni ile ile. Wengi hukata tamaa na kufomati, wakijifutia wenyewe picha ambazo kirusi hakikuzigusa. Virusi vya shotikati kwa kawaida havifuti. Huficha folda halisi na kuweka njia za mkato zinazofanana nazo, ili mwenye kadi akizibofya akieneze kirusi mwenyewe. Fundi anayejua kazi hasemi "tufomati" kwanza. Hufungua dirisha la amri la Windows, na kama kadi imepewa herufi E, huandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kungoja kidogo. Folda hurudi. Hapo ndipo shotikati hufutwa, picha huhamishiwa mahali salama, kadi husafishwa kwa programu ya kuua virusi, na kufomati huja mwisho.

Hata picha iliyofutwa kweli haiondoki papo hapo. Simu au kamera hufuta jina kwenye orodha na kuitangaza nafasi kuwa huru. Picha yenyewe hukaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Aliyefuta kwa bahati mbaya atoe kadi hiyo sekunde hiyo hiyo, asipige picha hata moja, asijaribu kuifomati, kisha aisomeshe kwenye kompyuta yenye PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, ambayo haijali orodha na hupekua kadi yote ikitafuta alama za mwanzo za picha. Majina ya faili hupotea, picha hurudi kwa wingi. Kadi iliyokufa kabisa, isiyoonekana popote, ni habari nyingine: mafundi wa vifaa maalumu husugua uso wa plastiki mpaka wafikie nyaya za ndani, kisha wakasoma flashi moja kwa moja bila kupitia kidhibiti, kwa gharama inayozidi ya kadi mara nyingi.

Njia hizi zote zinachukulia kwamba data iliandikwa wazi, bila kufungwa kwa ufunguo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu nyingi humpa mwenyewe chaguo la kuigeuza kadi kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani, na wengi hulikubali wakifurahia nafasi ya programu. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa hufungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu. Kadi hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta huonekana haina kitu. Simu ikiibwa na kadi ikabaki mezani, au simu ikiingia maji kadi ikapona, PhotoRec haitapata picha hata moja, na fundi wa kusugua plastiki atatoa baiti bilioni 64 zisizosomeka.